Abiria Naye ni Sehemu ya Chombo

Mhadhara kwa abiria na madereva wa bodaboda, Kata ya Maparoni, Wilaya ya Kibiti

  

Nimekuja Maparoni kuzungumzia pikipiki, na nimeona baadhi yenu mkitabasamu. Kata hii ni ya visiwa, mikoko na mito inayopanda na kushuka na bahari. Anayetoka hapa kwenda makao makuu ya wilaya hapandi pikipiki kwanza, anapanda chombo. Ila safari haiishii majini. Mkifika Nyamisati, vijana wa bodaboda wamejipanga, na mbele yenu kuna kama kilomita 40 hadi Bungu kwenye barabara ya Kilwa, ndipo mgeuke kusini kwenda Kibiti. Mtu wa delta ya Rufiji huwa abiria mara mbili katika safari moja. Nami nina jambo moja la kusema, mengine yote ni matawi yake: majini mnajua sana kuwa abiria, nchi kavu mnasahau.

Mtazameni nahodha anavyopakia. Magunia ya mpunga yanalazwa chini, katikati. Bwana mnene anaambiwa asogee tezi. Mama mwenye mtoto anakalishwa sakafuni, na kijana aliyepanda ukingoni ili apigwe picha anakemewa mbele za watu. Hakuna anayebisha. Awe diwani, awe mwalimu mkuu, akiambiwa akae, anakaa. Mmejua tangu utotoni kwamba mtu akishaingia chomboni uzito wake si wake tena, ni wa chombo, na anayesimama ghafla pale mikondo inapokutana hazami peke yake. Nchi nzima ilikumbushwa hilo tarehe 20 Septemba 2018 kule Ukara, Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Kilitengenezwa kibebe abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Sasa mfuateni mtu huyo huyo akishateremka Nyamisati. Ndoo ya kaa mkono mmoja, simu mkono mwingine, begi begani. Anarukia nyuma ya pikipiki ambayo injini yake inanguruma na dereva wake bado anatafuta chenji mfukoni. Hakutazama tairi. Dereva naye hakumuuliza kama amewahi kupanda. Wamezungumza jambo moja tu, nauli, tena kwa kirefu! Baada ya hapo abiria anajiona hana kazi nyingine mpaka Bungu.

Zamani hata Serikali iliviweka vyombo hivi viwili chini ya jicho moja. SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ilisimamia usafiri wa nchi kavu na wa majini pamoja. Baadaye majini wakapewa TASAC, na nchi kavu ikaja LATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Ofisi zikatengana. Kichwani mwenu zisitengane.

Tuanze na uzito wenyewe. Pikipiki hizi za cc 125 na 150 tunazoziona hapa zina kilo mia moja na ushei. Weka dereva wa kilo 65, una kama kilo 180 zinazotembea. Akipanda abiria wa kilo 65, umeongeza zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, na karibu uzito wake wote unaangukia gurudumu la nyuma. Mambo mengi yanabadilika hapo, na dereva kijana ambaye hajafundishwa huyajua kwa kuanguka. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, kwa hiyo kwenye mchanga usukani unaanza kuelea. Nyuma kunadidimia, taa ya mbele inainuka na usiku inamulika minazi badala ya barabara. Pikipiki inachelewa kuondoka na inachelewa zaidi kusimama.

Ndiyo maana vijitabu vya watengenezaji wengi hutaja vipimo viwili vya upepo wa tairi: dereva akiwa peke yake, na akiwa na abiria. Shokapu za nyuma nazo huwa na ngazi za kukazia, zimewekwa kwa kazi hii hii. Dereva anayebeba abiria kutwa nzima hana sababu ya kutembea na shokapu zilizolegezwa kana kwamba pikipiki ni ya matembezi. Dakika tano na spana zinatosha.

Breki zinataka maneno zaidi, kwa sababu hapa madereva wetu wana imani zao. Wengi wameambiwa breki ya mbele inaua, basi hawaigusi kamwe. Wanasimama kwa mguu tu. Kwenye lami kavu huko ni kujinyima sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha pikipiki. Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye mshiko. Lakini kwenye mchanga, changarawe au ule udongo mweusi wa bonde letu ukilowa, breki ya mbele ikibanwa ghafla inalaza pikipiki chini kabla hujasema lolote. Dereva mwenye abiria ana nafuu moja: uzito wa nyuma unaipa breki ya mguu mshiko kuliko akiwa peke yake. Aitumie, apunguze gia mapema ili injini imsaidie, na breki ya mbele aibane taratibu kadiri ardhi inavyoruhusu. Mwenye breki za dramu akumbuke pia kwamba zikishachemka kwa kubanwa mfululizo na mzigo mzito, zinalegea.

Na abiria? Breki zikifungwa, mwili wa abiria unateleza mbele na kumgonga dereva mgongoni. Uzito wake unahamia kwenye mikono ya dereva, nayo mikono hiyo ndiyo imeshika usukani. Abiria mzembe anaweza kumnyang'anya dereva usukani bila kuugusa.

Kwa hiyo namna ya kupanda ni hii. Subiri dereva akae, miguu yake yote miwili iwe chini, breki ameshika. Mwambie, “Napanda.” Panda kwa upande wa kushoto. Huko ndiko ukingo wa barabara ulipo nchini mwetu, magari yanapita kulia, na pikipiki nyingi bomba lake la moshi liko kulia. Makovu ya duara ninayoyaona kwenye vigimbi vya mguu wa kulia wa abiria wengi yanatokana na kushuka upande usiofaa. Ukishakaa, miguu yako haishuki tena kutoka kwenye vyuma vya kukanyagia, hata pikipiki ikisimama. Kushika ardhi ni kazi ya dereva. Abiria anayeteremsha mguu kwenye tope kwa nia ya kusaidia ndiye anayevunjika kifundo.

Shika kitu. Mkono mmoja kiunoni kwa dereva na mwingine kwenye keria nyuma yako ni mshiko mzuri kwa njia zetu, kwa sababu wa kwanza unakuzuia kurudi nyuma pikipiki ikiondoka, na wa pili unakuzuia usimlalie dereva akifunga breki. Mabega usimshike, ukimyumbisha bega umeyumbisha usukani. Kwenye kona, angalia upande ule dereva anakoelekea, mwili utafuata wenyewe. Wapo wanaojipinda upande wa pili kwa kudhani wanaiokoa pikipiki isianguke. Wanamlazimisha dereva ailaze zaidi ili apate kona ile ile.

Mwendo wa polepole kwenye mchanga ndio unaotaka utulivu kuliko wote. Pikipiki ikienda kasi, magurudumu yenyewe yanasaidia kuisimamisha wima; ikienda kwa mwendo wa mguu, kinachoisimamisha ni mikono ya dereva tu. Hapo abiria akigeuka kumsalimia shemeji yake aliye kando ya njia, au akinyoosha mkono kupokea mfuko, wote wawili wako chini. Na njia ikiharibika kabisa, shuka utembee. Maji yakikupwa mkakwama kwenye tope la mto, nani kati yenu hubaki ameketi mtumbwini akingoja wenzake wasukume? Mwaka 2024 tulipata mafuriko ya Aprili, kisha Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kusini ikakatika kule Somanga. Mwaka kama huo ni afadhali abiria wa bodaboda atembee mita mia mbili za maji kwa miguu, akipima kina, kuliko kuzipita akiwa juu ya kitu ambacho dereva haoni kinakanyaga nini.

Sasa niseme na kina mama, na wala sitazunguka. Kukaa upande.

Najua kwa nini mnakaa upande. Huku pwani mwanamke mtu mzima aliyevaa dera au baibui hataki kutanua miguu nyuma ya kijana asiye mumewe, na watu wa kijiweni wana midomo. Sitawaambia stara haina maana, kwa sababu si kweli na hamtanisikiliza. Lakini lazima niwaambie inavyokuwa kwa pikipiki. Anayekaa upande uzito wake wote umeangukia ubavu mmoja. Dereva anaendesha safari nzima akivuta upande wa pili. Mguu mmoja umekanyaga, mwingine unaning'inia. Hana magoti ya kubana, na tuta likija anateleza kama samaki kwenye ubao. Nguo nayo inaning'inia karibu na cheni na gurudumu. Dera ni pana, mtandio ni mrefu, kanga ya mabegani inapepea. Ikinaswa na gurudumu haichaniki upesi, inamvuta mwenyewe.

Boxer na TVS tunazozipanda zinatoka India, nchi ambako wanawake wengi wamevaa sari na wamekaa upande miaka na miaka. Kanuni zao za magari za mwaka 1989 zinataka pikipiki ya abiria iwe na mahali pa kushika, mahali pa kukanyaga, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isiingie. Wenzetu hawakuwafukuza akina mama kwenye pikipiki, waliitengeneza pikipiki iwafae. Dereva, tazama gurudumu lako la nyuma: ile kinga ipo, au uliifungua ukaiuza? Kama haipo, fundi wa kuchomelea anaweza kukuwekea wavu wa nondo nyembamba kwa siku moja.

Kwa upande wenu, kina mama, zipo njia zisizovunja stara. Vaa suruali au taiti ndani ya dera, ukae kwa kutanua, kisha funga kanga kiunoni ikufunike hadi miguuni na ncha zake uzikalie. Mtandio uingize ndani ya nguo kifuani. Usiyetaka kumshika dereva, shika keria kwa mikono miwili nyuma ya nyonga, na kibegi chembamba kiwe katikati yenu. Hakuna atakayesema kitu, na akisema, aseme.

Nahamia kwenye kofia ngumu, na hapa nitatoka nje ya delta kidogo.

Mei 1935 Mwingereza aliyeitwa T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake karibu na nyumbani kwake kusini mwa Uingereza. Vita vilivyompa jina ni vile vile vilivyoizamisha manowari ya Kijerumani Königsberg humu humu kwenye delta yetu, Julai 1915. Vitani alipona; pikipiki ikampasua kichwa, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakuliacha jambo lile lipite. Akaanza kuhesabu askari wapanda pikipiki waliokuwa wakifa kwa kuvunjika vichwa, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake juu ya faida ya kofia ngumu. Jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuivaa mwaka huo huo. Raia walisubiri sheria hadi 1973. Utafiti uliokuja kukusanya matokeo ya nchi nyingi unaonyesha kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sijui dawa nyingi za bei hiyo zenye nguvu hiyo.

Sasa sikilizeni udhuru wetu. Inanuka. Ina chawa. Imevaliwa na watu arobaini leo. Itaharibu msuko. Nyingine ni kweli, na zina majibu mepesi. Weka kitambaa chembamba kichwani kwanza, au ushungi wako uliokaa vizuri bila fundo wala pini juu. Mzee, kofia yako ya mkono ivue uitie mfukoni. Ukivaa kofia juu ya kofia, ya juu haishiki. Anayesafiri kila wiki anunue yake mwenyewe, kama anavyonunua mwavuli. Na dereva, mwenye wajibu wa kuwa na kofia ya abiria ni wewe, kwa hiyo ifue kitambaa chake na uianike juani.

Udhuru ambao hausemwi ndio mbaya zaidi: kuivaa bila kufunga mkanda wa kidevu, ili askari aone tu. Mtu akianguka, kichwa kinapiga chini mara nyingi zaidi ya moja, na kofia isiyofungwa huweza kutoka kabla ya pigo la kwanza. Ifunge, inama, ijaribu kuisukuma kutoka nyuma. Ikitoka, si yako. Vietnam, nchi ya pikipiki kuliko sisi, ilianza kumbana kila dereva na kila abiria tarehe 15 Desemba 2007, na katika muda mfupi karibu watu wazima wote walikuwa wamevaa. Waliobaki vichwa wazi kwa miaka kadhaa ni watoto, kwa sababu sheria haikuwa imewabana wazazi.

Hilo linanileta kwa watoto na kwenye mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Kanuni zetu za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji ziko wazi: abiria mmoja, wote wawili wavae kofia ngumu, na mtoto aliye chini ya miaka tisa asipakiwe. Umri huo haukuokotwa. Mtoto wa miaka sita miguu yake haifiki kwenye vyuma vya kukanyagia, na mikono yake haizunguki kiuno cha dereva. Amewekwa pale kama mfuko wa unga. Anayemweka mbele, juu ya tangi la mafuta, ndiye anayefanya vibaya kuliko wote, kwa sababu breki zikifungwa mtoto huyo anakuwa mto wa kifua cha dereva dhidi ya usukani. Na mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko yuko nyuma ya kila mtu, hakuna anayemwona.

Magazetini lawama zote za mishikaki ni za dereva. Mimi naona abiria ndiye mnunuzi. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, au mkataba wa pikipiki ambao mwezi haumsubiri. Akipewa abiria wawili kwa safari moja, hesabu yake imesogea. Lakini nani aliyetoa wazo kwamba tugawane nauli? Ni mimi na wewe, pale pale gatini. Tungekuwa majini, nahodha akiongeza watu mpaka maji yafike ukingoni, mngepiga kelele mrudishwe.

Mishikaki inayosamehewa na kila mtu ni ya mgonjwa. Mgonjwa katikati, dereva mbele, ndugu nyuma amemkumbatia. Mwenye homa kali aliyezimia, sawa, sitasimama njiani kuwazuia watu wenye uchungu. Lakini aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, au aliyegongwa, msimkunje kwenye pikipiki. Pengine uti wa mgongo umevunjika lakini neva bado nzima. Safari ya kurushwarushwa hadi Bungu ndiyo itakayozikata. Mlazeni kwenye ubao au mlango, mfungeni asigeuke, mmsafirishe amelala kwenye chombo, na mpige simu gari lije Nyamisati. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu naye ana njia yake: mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022, na namba 115 hupigwa bure. Piga kabla chombo hakijang'oa nanga, usingoje kufika gatini.

Nimebakiza haraka. Hapa ndipo delta yetu inapotofautiana na Kariakoo au Mbagala. Kule mtu anaharakisha kwa sababu ya bosi wake. Huku tunaharakisha kwa sababu ya mwezi. Maji yanajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Chombo kinachokwenda Maparoni kinaondoka maji yakiruhusu. Basi mtu amekaa Kibiti akinunua vitu, saa zimekwenda, anafika Bungu anamwambia dereva, “Kimbiza kaka, maji yananiacha.” Maneno hayo, kwa maoni yangu, yamewalaza watu wengi kwenye vitanda vya taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili kuliko ulevi wa madereva tunaoulaumu kila siku.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 40 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni saa moja. Kwa kilomita 60 kwa saa ni dakika 40. Umeokoa dakika 20. Ulicholipa ni hiki: umbali wa kusimama baada ya kufunga breki umekuwa zaidi ya mara mbili, na katika sekunde moja ya kushtuka, kabla mkono haujafika kwenye breki, pikipiki imeshakwenda mita 17 badala ya 11. Mtoto wa shule yuko umbali gani na ukingo wa barabara? Ng'ombe je? Ninyi mnajua siku za bamvua na za maji mafu bila kalenda. Mnaweza kujua leo chombo cha Alhamisi ijayo kitaondoka saa ngapi. Tumieni elimu hiyo kuondoka sokoni mapema. Abiria wa MV Kilindoni wanaovuka kwenda Mafia nao wasikie. Gati ni moja.

Maji hayo hayo yanawashusha watu Nyamisati usiku. Mwaka 2017, mauaji yalipozitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku katika wilaya hizo, na watu wa delta walijifunza kulala gatini. Amri ile ilihusu bunduki, haikuhusu ajali, nami sitamani irudi. Lakini mazoea ya kulala yalikuwa na faida yake. Dereva aliyeanza kazi alfajiri, akakutana nawe saa tano usiku, macho yake yameshamaliza zamu. Mtazame usoni. Nusa pumzi yake. Kama taa ya nyuma haiwaki, lori la mkaa linalokuja nyuma yenu halitawaona. Tafuta pa kulala, uondoke asubuhi.

Ombi langu ni kwa viongozi wa kijiwe cha Nyamisati, na kwa mtendaji wa kata yetu akalifikishe huko: pikipiki isiyo na kofia ngumu ya abiria yenye mkanda unaofunga isiingie kwenye foleni ya gatini, na zamu yake apewe wa nyuma yake. Na ninyi mnaoshuka vyomboni, isiyo nayo msiipande, hata kama nauli yake imepungua.